Nyumba Zilizosema Bado

Mama Penseli hakupewa jina hilo na wazazi wake, hilo liko wazi. Alilipata ofisini, idara ya maji, chumba cha ramani, mwaka alioanza kazi akiwa msichana mwembamba mwenye penseli iliyochomekwa kwenye nywele. Wembamba ulikwenda zake, penseli ikabaki. Sasa ni miaka thelathini na moja, na ukimwambia aitoe atakuuliza kama na wewe ungependa kutolewa sikio.

Enzi zile ramani zilichorwa kwa mkono. Karatasi pana ilitandazwa juu ya meza iliyoinama, naye alivuta mistari ya mabomba kwa wino wa buluu, akizuia pumzi kwenye kila kona. Ukikosea, unakwangua kwa wembe, pole pole. Karatasi ikitoboka unaanza upya, na bosi wa enzi zile alikuwa na mdomo, we acha tu. Mama Penseli alitoboa karatasi mbili katika maisha yake yote. Zote mbili alizibeba nyumbani akazitandika kabatini chini ya mashuka, ili kila akichukua shuka kichwa kisimvimbe.

Kisha zikaja kompyuta. Meza iliyoinama ikapelekwa stoo, na wenzake wawili wa chumba cha ramani wakaomba uhamisho siku moja, barua zao zikiwa zimeandikwa kwa maneno yaleyale. Yeye akapiga moyo konde. Alikuwa na miaka arobaini na sita alipoanza kujifunza programu ya ramani, na alijifunza kwa kuandika kila kitu kwenye daftari la mistari: bofya hapa, halafu pale, kile usikiguse hata kikikuita. Akajifunza pia ile lugha ya kuihoji mashine, wanayoiita eskyueli. Alikuwa akisema eskyueli ni sawa na karani mwenye maringo, anakujibu ulichouliza na hana habari na ulichokusudia.

Siku ninayotaka kuwasimulia ilikuwa Alhamisi, na ilianza vizuri tu.

Bomba jipya lilikuwa linakuja upande wa mashariki wa mji. Miezi mitatu kabla ya hapo idara ilituma watu kupita nyumba kwa nyumba, wakiwa na simu za kujazia fomu, na swali la kumi na nne kwenye fomu hiyo liliuliza: nyumba imeunganishwa maji? Majibu yote yalimiminwa kwenye kompyuta ya Mama Penseli. Nyumba elfu mbili na ushee, kila moja nukta yake kwenye ramani. Kazi ya Alhamisi ilikuwa kuchuja nyumba zisizo na maji, kutoa orodha, na kumkabidhi Mhandisi kabla ya saa tisa alasiri. Saa tisa orodha inatumwa makao makuu, na ikishatumwa imefungwa. Nyumba iliyomo itapata maji. Isiyomo itangoja awamu nyingine, na Mhandisi akiulizwa awamu hiyo ni lini, huangalia dari.

Mama Penseli aliandika swali lake kwenye kisanduku cha kuchujia, maji = 'hapana', akabofya. Nyumba mia mbili na kumi na nne zikawaka rangi ya njano. Saa tatu asubuhi hata chai hajanywa, na kazi imekwisha. Mtu mwingine angechapisha orodha akaenda kupiga soga masijala. Yeye aliegemea kiti akaitazama ramani, kwa sababu ni mtu wa ramani, na mtu wa ramani haamini namba mpaka aione imekaa mahali pake.

Akaona pengo.

Kulikuwa na mtaa mzima usio na nukta hata moja ya njano. Mtaa huo aliujua kama anavyojua viganja vyake, maana aliuchora mwenyewe kwa wino, mwaka wake wa nne kazini. Unaitwa Ng'ombe Watatu. Jina lilitokana na picha ya ng'ombe watatu iliyokuwa imechorwa kwenye ukuta wa bucha moja pale kona. Bucha lilifungwa, ukuta ukapakwa rangi ya duka la simu, lakini jina liking'ang'ania limeng'ang'ania. Na kwenye mtaa huo, nyumba ya tisa mkono wa kushoto, anakaa shangazi yake.

Hapa inabidi nisimame kidogo niwaeleze habari za Shangazi, la sivyo hamtaelewa kwa nini mwanamke mzima alitokwa jasho mbele ya kompyuta.

Shangazi ndiye aliyemlea Mama Penseli tangu akiwa na miaka sita. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, chumba baada ya chumba, na mpaka leo anaweza kukuonyesha tofali gani liliwekwa kwenye mvua. Maji huyateka kwenye bomba la jumuiya, mitaa miwili kutoka pale, kwa ndoo ya lita kumi, na goti lake la kulia lilishaanza kulalamika zamani. Mama Penseli alimsihi kila mwaka ahamie kwake, kwenye nyumba yenye bomba mpaka jikoni. Kila mwaka Shangazi alijibu neno moja: bado.

Tena sikilizeni, Shangazi ni mkaidi. Asilolitaka halifanyi, hata umpigie magoti. Ila neno hapana halimo kinywani mwake. Umemaliza dawa? Bado. Utauza ile cherehani mbovu? Bado. Mama Penseli alipokuwa mdogo, hesabu zilimpiga chenga vibaya sana, na jirani mmoja mwenye kiherehere aliuliza mbele za watu kama mtoto huyu ana akili za shule. Shangazi alimtazama juu mpaka chini akasema, "Hesabu bado." Basi. Mtoto aliyesikia jibu hilo ndiye aliyekuja kupima mabomba ya mji mzima.

Lakini mwaka huu goti lilizidi. Wiki tatu nyuma, Mama Penseli alipokwenda kumjulia hali, Shangazi alimwambia bila kuulizwa, "Maji yasipokuja safari hii, nafunga virago nije kwako." Alisema hivyo macho yakiwa ukutani. Mama Penseli alikuwa ameomba jambo hilo kwa miaka kumi na moja, na siku alipolipata hakulifurahia hata kidogo. Alijua Shangazi akihamishwa pale atanyamaza, na Shangazi aliyenyamaza si Shangazi tena. Alirudi nyumbani akamwambia mumewe, kinyozi mwenye maneno machache, kwamba lazima maji yafike mtaa ule. Kinyozi akasema, "Yatafika," akaendelea kunoa mkasi.

Sasa mtaa hauna nukta.

Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la kishetani, na tusimfiche. Angeweza kuziandika zile nyumba kwa mkono, dakika kumi tu, nani angejua? Yeye angejua. Na siku moja mtu angeuliza zilitoka wapi, na jibu lingekuwa kwamba zilitoka kwa mpwa wa mwenye nyumba ya tisa. Akaichomoa penseli kwenye nywele akagonga nayo meza mara mbili. "Zitaingia kwa mlango wa mbele," alijiambia, "au hazitaingia."

Kama kweli zilistahili kuwemo, basi palikuwa na sababu iliyozitoa, na sababu hiyo ilikuwa ndani ya mashine. Akaanza kuihoji. Kwanza alitaka kujua kama mtaa wenyewe umo. Akaandika:

mtaa = 'Ng'ombe Watatu'

Maandishi mekundu yakatokea. Kosa, karibu na neno ombe. Mama Penseli akavaa miwani. Akasoma tena. Hakuna neno ombe duniani, aliwaza, labda mtu mwenye mafua akiita mifugo. Akafuta, akaandika upya kwa uangalifu, herufi moja moja. Kosa, karibu na neno ombe. Akaizima programu akaiwasha. Akaizima kompyuta akaiwasha, akaipa na muda wa kupumua. Kosa, karibu na neno ombe.

Dada wa masijala akapita na mafaili kifuani. Huyu ni mwanamke wa makamo anayejua habari zote za jengo lile kabla hazijatokea. Alimkuta mwenzake ameshika tama.

"Vipi tena, Mama Penseli? Umefiwa?"

"Nimegombana na ng'ombe."

"Ofisini?"

"Wako watatu," alisema Mama Penseli. "Hebu njoo uniangalizie, dada. Mimi macho yamechoka. Nisomee hiyo sentensi kama ilivyoandikwa, na vialama vyake vyote."

Dada wa masijala akaweka mafaili chini, akainama, akasoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kuhakiki barua. "Mtaa sawa na. Alama ya kufungua. Ng. Alama ya kufunga. Ombe Watatu. Alama ya kufungua tena, halafu hukuifunga."

"Nimeifunga."

"Hukuifunga. Zipo tatu. Hesabu."

Mama Penseli alihesabu kwa ncha ya penseli juu ya kioo. Moja kabla ya Ng. Moja baada ya Ng. Moja mwishoni. Tatu kweli. Na alama hizi hutembea mbili mbili kama viatu. Kile kikoma cha juu cha ng'ombe, mashine ilikiona ikadhani maneno yamekwisha, ikafunga mlango, ombe akabaki nje.

Walicheka wote wawili mpaka karani wa chumba cha pili akagonga ukuta. "Waliotengeneza mashine hii," alisema Mama Penseli akijifuta machozi, "hawakuwahi kufuga ng'ombe wala kung'oa jino." Akakumbuka kitu kwenye daftari lake, akapekua nyuma mpaka kurasa za mwaka wa kwanza, akakikuta kimeandikwa kwa mwandiko wa mtu mwenye usingizi: kikoma kikiwa ndani ya neno, kiandike mara mbili. Alikuwa ameandika bila kuelewa cha kazi gani. Akajaribu:

mtaa = 'Ng''ombe Watatu'

Nyumba arobaini na moja zikawaka. Mtaa mzima, pande zote mbili, na ya tisa kushoto ikiwemo. Dada wa masijala akaokota mafaili yake akaondoka anatembea kama mtu aliyepewa cheo.

Ilikuwa saa tano kasoro. Mama Penseli alijua sasa nyumba zimo, ila bado hakujua kwa nini zilikimbia swali lake la kwanza, maana swali lile halikutaja mtaa wowote. Akaziuliza zile arobaini na moja: zipi zina maji = 'hapana'? Sifuri. Roho ikaanza kupanda. Haya, zipi zina maji = 'ndiyo'? Sifuri vilevile.

Akalegea kwenye kiti. Nyumba arobaini na moja, zenye maji hakuna, zisizo na maji hakuna. Alijaribu tena, akaongeza nafasi, akapunguza nafasi. Akaandika hapana kwa herufi kubwa zote, kama anayemfokea mtu mwenye uziwi. Sifuri, sifuri, sifuri.

Angefungua jedwali tu asome kilichoandikwa, utasema. Ni rahisi kusema ukiwa umekaa kwako. Kompyuta ile ilikuwa ya tangu enzi, na mara ya mwisho alipofungua jedwali zima iliganda kuanzia asubuhi mpaka watu wakaenda nyumbani, ikafuta na kazi ya siku mbili. Tangu hapo jedwali alilikwepa kama mtu anavyomkwepa mbwa aliyemng'ata. Haikumjia akilini kwamba akishachuja nyumba arobaini na moja, jedwali nalo linakuwa la mistari arobaini na moja. Watu wenye akili nyingi hukosa vitu vidogo namna hiyo, tusimcheke sana.

Saa sita ikafika. Wenzake wakatoka kwenda kula. Yeye akabaki anaikodolea macho ramani, na saa ya ukutani ikamkodolea yeye. Mhandisi alichungulia mlangoni. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kola inasimama, mpole, lakini akisema saa tisa hasemi saa tisa na dakika moja.

"Mama, orodha iko tayari?"

"Naihakiki, Mhandisi."

"Nilipita asubuhi nikaiona kwenye kioo chako. Mia mbili na kumi na nne. Si inatosha?"

"Naihakiki," alirudia Mama Penseli, na Mhandisi, ambaye alikuwa na mama nyumbani na anaijua sauti ile, akaondoka.

Simu ikalia. Alijua ni nani hata kabla ya kuitazama, kwa sababu kila siku, saa sita na nusu, mvua au jua, Shangazi humpigia kumuuliza jambo moja.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado, Shangazi."

"Bado mpaka saa ngapi? Nawe tumbo hilo utaliua."

Mama Penseli alikuwa ameshika simu, mdomo wazi, akilitazama lile neno kana kwamba limedondoka mezani. Bado. Ameulizwa kama amekula, na ukweli ni kwamba hajala, lakini hakusema hapana. Nani husema hapana? Ukiulizwa kama umekula, umeoa, umejenga, umepata kazi, hapana ni neno la kumpa mtu asiyekuhusu. Kitu unachokingoja, unasema bado.

"Shangazi," alisema taratibu, "yule mtu aliyepita na simu kuuliza habari za maji, ulimjibu nini?"

"Nilimjibu bado. Ulitaka nimjibu nini?"

"Na majirani?"

"Bado wote. Namba za nyumba tuliandikwa mwaka ule walipopita mara ya kwanza, tukaambiwa tungoje. Si tunangoja?"

"Asante, Shangazi. Nakwenda kula," alisema Mama Penseli, na huo ulikuwa uongo mtupu.

Aliandika haraka haraka, maji = 'bado'. Akabofya.

Sifuri.

Kwa kweli aliumia. Kama asingekuwa mtu wa ofisini angelia hapo hapo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Ndipo, kwa hasira zaidi kuliko kwa akili, akazirudisha zile nyumba arobaini na moja na kufungua jedwali lao, liwalo na liwe. Lilifunguka papo hapo, likiwa fupi na pole, akajiona mjinga wa mwisho. Akalivuta mpaka safu ya swali la kumi na nne. Akasoma kuanzia juu.

Bado.

Bado.

Bado.

Nisiwatese. Nyumba thelathini na saba zilikuwa hivyo, kwa herufi kubwa mwanzo na nukta mwisho, kama sentensi kamili ya daftari la shule. Tatu zilisema Hawakuwepo, nazo zikiwa na nukta. Moja ilisema Mbwa mkali, nitarudi, na nukta yake pia. Yule karani mwenye maringo aliulizwa habari za bado, akaona Bado yenye herufi kubwa na nukta, akasema hilo silijui. Mama Penseli akaandika kama lilivyo, maji = 'Bado.', safari hii kwa nyumba zote, na nyumba hamsini na nane zikawaka: thelathini na saba za Ng'ombe Watatu, na ishirini na moja za mtaa unaopakana nao. Muulizaji wa mitaa yote miwili alikuwa mmoja.

Saa nane na nusu, baada ya kuzihakiki nyumba hizo moja moja, alikuwa ofisini kwa Mhandisi, orodha mpya mkononi pamoja na lile jedwali la mtaa. Mhandisi alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mabosi wengi hawaliwezi, kisha akatikisa kichwa.

"Hapana, Mama. Bado maana yake hawajahojiwa. Kwenye ripoti zetu zote, tukiandika bado, ni kazi haijafanyika. Nikizituma hizi, makao makuu wataniuliza kwa nini nimeingiza nyumba ambazo hatukuziuliza."

Na alikuwa na hoja. Ofisini bado ni ya kazi. Mtaani bado ni ya mtu.

"Kuna jingine unapaswa kulijua," alisema Mama Penseli. "Mojawapo ya nyumba hizo ni ya shangazi yangu, aliyenilea. Nakwambia sasa, usije ukalisikia masijala. Ningetaka kuzipenyeza ningezipenyeza asubuhi, na usingejua. Nimehangaika siku nzima ili uzione zimetoka wapi. Sasa tumpigie huyo aliyeandika, tena kwa kipaza sauti, nawe uulize mwenyewe. Mimi nitakaa kimya."

Mhandisi alitazama saa. Dakika ishirini. Akapiga.

Aliyepokea alikuwa mwalimu mstaafu, mmoja wa wale walioajiriwa kwa muda kupita na fomu. Ukiisikia tu sauti unajua kuna chaki mfukoni. Mhandisi alimwamkia, akamuuliza kwa nini hakubonyeza ndiyo au hapana kama wengine.

"Kijana wangu," alisema Mwalimu, "nimefundisha miaka thelathini na tano, na sijawahi kumwandikia mtu jibu asilolitoa. Walisema bado. Fomu ilikuwa na sehemu ya mengineyo, nikaandika humo. Wenzangu najua walikuwa wakisikia bado wanabonyeza hapana. Shauri yao."

"Kwa hiyo uliwahoji?"

"Mmoja mmoja. Ambao sikuwakuta niliandika hawakuwepo. Penye mbwa niliandika mbwa."

Mhandisi akamtupia jicho Mama Penseli, naye akaweka kidole kwenye ule mstari wa mbwa.

"Hata mimi nilijaribu kuandika hapana," Mwalimu aliendelea, maana mwalimu ukimuuliza moja hujibu tatu. "Kuna bibi mmoja pale Ng'ombe Watatu, nyumba ina ngazi mbili mlangoni. Nikamwambia, mama, nikiandika hapana ni kilekile. Akanikatalia katakata. Akasema, ukiandika hapana watasoma hapana, watapita zao. Andika bado, wajue kuna mtu anangoja. Ningemwambia nini?"

Ngazi zile mbili Mama Penseli alizijua, alijifunza kuruka kamba juu yake. Alichomoa penseli akaichomeka tena, bila sababu yoyote, ili mikono iwe na kazi.

Mhandisi alimshukuru Mwalimu akakata simu. Akavuta ile orodha ya nyumba mia mbili sabini na mbili akaanza kutia saini, ukurasa baada ya ukurasa.

"Yaani tungeziacha nyumba hamsini na nane kwa sababu ya nukta," alisema.

"Na herufi kubwa," alisema Mama Penseli. "Usiionee nukta peke yake."

Orodha ilitumwa saa tisa kasoro dakika nne. Mama Penseli akarudi chumba cha ramani, akafungua daftari la mistari, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa siku za wino: kabla hujauliza mashine, uliza kwanza watu walijibu nini. Halafu, kwa kuwa hakuwa amekula tangu asubuhi, alikwenda masijala akamaliza karanga zote za dada wa watu.

Bomba lilichukua miezi saba, na katika miezi hiyo Shangazi alipigiwa simu mara nyingi kuliko kawaida. Maji yamefika? Bado. Wamechimba? Bado, ila wameweka alama. Wamechimba? Wamechimba, ila bado. Virago alivifunga kweli, masanduku mawili, akayaweka nyuma ya mlango. Hakuyafungua wala hakuyaongeza.

Siku maji yalipofika, ilikuwa Jumamosi, Mama Penseli alikwenda yeye na kinyozi wake. Walimkuta Shangazi uani, amekaa kwenye kigoda mbele ya bomba jipya kana kwamba amempata mgeni wa heshima. Ndoo ilikuwa chini ya bomba. Alikuwa akifungua, akisikiliza, akifunga. Anafungua tena. Masanduku hayakuwepo nyuma ya mlango. Nguo zilikuwa zimeanikwa kamba nzima, zimefuliwa hata zilizokuwa safi.

Kinyozi, mtu wa maneno machache, alisema, "Yamefika," akaenda kutazama koki.

Mama Penseli alikaa chini kwenye ngazi. Machozi yalikuwa karibu, na kwa kuwa hakutaka kuonwa akilia na jirani mwenye kiherehere, ambaye naye alikuwa bado hai na alikuwa juu ya ukuta wake anachungulia, akaona afadhali atanie.

"Haya, Shangazi. Maji umepata, goti lako ni lile lile. Chumba chako kwangu nimeshakipaka rangi. Utakuja?"

Alilijua jibu. Alikuwa amelisikia miaka kumi na moja, na midomo yake ilikuwa tayari imeanza kulitamka pamoja naye.

Shangazi alifunga bomba. Akageuka akamtazama mpwa wake, uso umemng'aa wote.

"Hapana," alisema.

Mama Penseli alicheka mpaka penseli ikamchomoka kwenye nywele ikatumbukia ndani ya ndoo, na ndoo ilikuwa imejaa.